Mishipa ya Taji: Hitilafu za Moyo za Kuzaliwa Nazo na Jinsi Zinavyoonekana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahili Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu na kumtia moyo kifuani. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.



Hakuna mji usio na habari ya kijana aliyeanguka ghafula. Alikuwa mzima wa afya, hana homa wala kikohozi. Alitoka kwenda kucheza mpira na wenziwe, akaanguka uwanjani, asiinuke tena. Kabla jua halijatua amekwisha oshwa, akasaliwa na kuzikwa, kama ilivyo sunna ya kuharakisha maziko. Watu waketipo matangani huulizana sababu. Mmoja husema ni jicho la hasidi. Wa pili husema amerogwa. Wa tatu husema ajali yake imefika. Kauli ya huyu wa tatu ni ya kweli, kwani kila nafsi ina siku yake. Walakini haijibu swali moja: je, palikuwa na jambo mwilini mwa kijana yule lililoweza kujulikana mapema, nalo ni katika yale ambayo mwanadamu ameamrishwa kuyatafuta? Hotuba hii yajibu sehemu moja tu ya swali hilo, nayo ni ile ya mishipa inayoulisha moyo, pale inapoumbika katika tumbo la mama kwa njia isiyo ya kawaida.

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kadiri ya ngumi yake. Akiwa ametulia, hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa mchana na usiku mmoja, wala haupumziki ila kitambo kidogo kati ya pigo na pigo. Mwenye kazi hana budi kula. Lakini ni ajabu ya kuzingatiwa kwamba moyo, ijapokuwa vyumba vyake vimejaa damu wakati wote, haulishwi na damu hiyo ipitayo ndani yake. Mfano wake ni mchukuzi wa maji aliyejitwika mtungi: maji yamo kichwani pake, na kiu yake i pale pale mpaka apewe kata yake anywe. Fungu la moyo huletwa na mishipa miwili, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka katika mshipa mkuu uitwao aota, mara tu utokapo moyoni. Ule wa kushoto haufiki mbali ila hugawanyika sehemu mbili, moja ikateremka mbele ya moyo na moja ikauzunguka kwa nyuma. Kwa kuwa mishipa hii huuzunguka moyo juu yake kama taji kichwani, Waarabu huiita kwa jina la taji, na Wazungu nao huiita kwa jina la Kilatini lenye maana hiyo hiyo.

Waislamu wana sehemu yao katika elimu hii, nayo yafaa ijulikane na vijana. Tabibu Alaa-ud-Din Ibn al-Nafis, mtu wa Sham aliyefanya kazi Misri na kufariki Cairo mwaka 1288, aliandika mwaka 1242 ufafanuzi wa elimu ya viungo iliyomo katika Kanuni ya Ibn Sina. Humo alieleza kwamba damu haipenyi katika ukuta ulio baina ya vyumba viwili vya moyo, bali hutoka chumba cha kulia, ikapita mapafuni, ndipo ikafika chumba cha kushoto. Tena alimpinga Ibn Sina mwenyewe, akasema kwamba moyo haulishwi na damu iliyomo katika chumba cha kulia, bali hulishwa na mishipa iliyotapakaa katika nyama yake. Kitabu hicho kilisahauliwa karne nyingi, hata mwaka 1924 daktari Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokikuta katika hati za Kiarabu za maktaba moja ya Berlin na kuitangaza habari yake. Na katika maneno ya Ibn al-Nafis limo jambo la kukumbukwa: alisema ya kwamba sheria ya dini na huruma iliyomo moyoni mwake vilimzuia asipasue maiti. Alitaka kuujua moyo pasipo kuukata. Haja hiyo ilingoja zaidi ya miaka 700 kabla ya kutimia, kama itakavyoelezwa.

Sasa yafuata habari ya hitilafu zenyewe. Kama vile nyuso za watu zisivyofanana, mishipa ya taji nayo haifanani kwa watu wote. Katika kila watu 100, hukadiriwa kuwa mmoja hivi ana mishipa iliyochipuka au kupita pasipo kawaida. Wengi wao huishi mpaka uzeeni bila dhara lolote. Kwa mfano, tawi lile la nyuma hutokea upande wa kulia badala ya kushoto, likapita nyuma ya aota na kufika lilikokuwa likienda. Ni kama mtu aliyekwenda msikitini kwa kichochoro kingine, naye akaiwahi jamaa. Kwa hiyo si kila hitilafu ni ugonjwa, na asikiaye habari hii asiondoke na wasiwasi bure.

Lakini ziko chache zilizo za hatari, na iliyo mbaya katika hizo ni pale mshipa wa kushoto, ambao ndio ulishao sehemu kubwa ya moyo, unapochipuka upande wa kulia, ukalazimika kurudi kwake kwa kupita katikati ya mishipa miwili mikubwa, yaani aota na ule uendao mapafuni. Hatari yake si kule kubanwa kati ya majirani wawili tu. Mdomo wa mshipa wa namna hii mara nyingi si duara, bali ni kama ufa mwembamba. Hutoka kwa kona kali. Na sehemu yake ya kwanza yaweza kuwa imejificha ndani ya ukuta wa aota yenyewe. Mtu akiwa ameketi, damu hupita ya kutosha. Akikimbia kwa nguvu, aota hutanuka kwa wingi wa damu, na ule ufa huzidi kuwa mwembamba, nao ndio wakati moyo unapohitaji damu mara 4 au 5 kuliko ulipotulia. Nyama ya moyo ikikosa chakula chake, mwendo wa umeme uuongozao huvurugika. Badala ya kupiga, moyo hutetemeka tu. Damu haifiki ubongoni, na mtu huanguka katika muda wa sekunde chache.

Mwaka 2000 madaktari wa Marekani na Italia walitangaza habari za vijana wanamichezo 27 waliokufa ghafula, ambao baada ya kufa walionekana kuwa na mshipa uliochipuka upande usio wake. Katika hao 27, 23 walikuwa na ile hitilafu ya mshipa wa kushoto. Vijana 25 walikufa katikati ya mazoezi makali, na 2 mara tu baada yake. Habari za afya zilipatikana kwa 12 tu. Na katika hao 12, 10 walikuwa wamepata dalili kabla ya siku yao, wengine kuzirai, wengine maumivu ya kifua. Walio 9 walikuwa wamepimwa umeme wa moyo, na wote 9 walionekana wazima. Walio 6 walipimwa hali wakikimbizwa mpaka mwisho wa nguvu zao, nao pia wakaonekana wazima. Mafunzo mawili yamo humo. La kwanza, mwili mara nyingi huonya, ila onyo halisikilizwi. La pili, kipimo cha umeme peke yake hakitoshi kumtoa kijana katika shaka. Ni lazima mishipa yenyewe ionekane.

Wala nguvu za mwili si dalili ya kuwa mishipa ni salama. Pete Maravich alikuwa mmoja wa wachezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu wa Marekani. Alicheza misimu 10 katika ligi kubwa ya nchi ile, akastaafu mwaka 1980. Tarehe 5 Januari 1988, akiwa na umri wa miaka 40, alikuwa akicheza na marafiki huko Pasadena, California, akaanguka na kufa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba hakuzaliwa na mshipa wa taji wa kushoto. Mshipa wa kulia peke yake ndio uliokuwa ukiulisha moyo wake wote, naye alikimbia viwanjani miaka mingi pasipo mtu yeyote kujua.

Iko hitilafu nyingine ambayo akina mama wapaswa kuijua, ingawa ni adimu sana, ikikadiriwa kuwa kwa mtoto mmoja katika kila watoto 300,000 wazaliwao. Humo mshipa wa taji wa kushoto huchipuka katika mshipa uendao mapafuni, mahali penye damu iliyopungukiwa hewa safi na isiyo na nguvu. Mwaka 1933 madaktari watatu wa Boston, Bland, White na Garland, walieleza habari ya mtoto mchanga wa namna hii. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Baada ya majuma kadhaa, nguvu ya damu katika mshipa wa mapafu inapopungua kama ilivyo desturi ya maumbile, moyo huanza kuona njaa. Mtoto akinyonya hukatiza, akalia kwa uchungu, akageuka rangi, akatoka jasho jingi na kuhema. Kwa kuwa kunyonya kwa mtoto mchanga ni kazi kama ilivyo kukimbia kwa mtu mzima. Nyumbani watu husema ni mchango, akapewa dawa za mchango. Mara nyingi ni mchango kweli. Lakini mtoto atokaye jasho kila anyonyapo, na asiyeongezeka uzito, apelekwe hospitali aangaliwe moyo. Asipotibiwa, wengi wa watoto hawa hawamalizi mwaka. Wakipasuliwa mapema, mshipa huondolewa ulipo na kupandikizwa katika aota, na wengi hupona wakakua.

Je, mambo haya huonekanaje kwa mtu aliye hai? Hapo zamani yalijulikana kwa kupasua maiti tu. Mwaka 1895 Röntgen wa Ujerumani aligundua miali ya eksrei, lakini picha yake ilionyesha umbo la moyo kama kivuli, si mishipa yake. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijitia mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma mpaka moyoni, akaenda kupigwa picha ya eksrei ili ushahidi upatikane. Alilaumiwa sana, na mwaka 1956 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na wenziwe wawili. Tarehe 30 Oktoba 1958, huko Cleveland, Marekani, daktari Mason Sones alikuwa akimchunguza mgonjwa wa vali ya moyo, mara mrija ukaingia bila kukusudiwa katika mshipa wa taji wa kulia, na dawa ya kuonyesha mishipa ikamiminika humo. Moyo wa mgonjwa ulisimama kidogo. Akaambiwa akohoe, ukaendelea kupiga. Kwa tukio hilo ilijulikana kwamba mishipa ya taji yaweza kupigwa picha na mtu asife.

Njia nyingine ilitoka Sweden. Mwaka 1953, katika mji wa Lund, tabibu Edler na mwanafizikia Hertz waliazima chombo cha kiwanda cha meli kilichotumika kutafuta nyufa katika chuma kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, wakakiweka kifuani pa mtu, wakaona moyo ukitikisika. Ndicho chanzo cha kipimo cha eko. Kisha Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianza alipokuwa Cape Town kufikiri kwa hesabu jinsi miali ipitayo mwilini kutoka pande nyingi iwezavyo kukusanywa ikawa picha ya ndani. Naye Godfrey Hounsfield wa Uingereza akatengeneza mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mashine hiyo ndiyo CT-skani, na leo imekuwa na kasi ya kutosha kuukamata moyo ungali ukipiga.

Mwenye kushukiwa huanza kwa kipimo cha eko, ambacho hakina miali wala maumivu, nacho chafaa hasa kwa watoto. Mpimaji stadi aweza kuona midomo ya mishipa yote miwili, ila ni lazima aambiwe aitafute, kwani asipoitafuta aweza kupita bila kuiona. Shaka ikibaki, hufuata CT-skani ya moyo. Mgonjwa hulala kitandani. Huenda akapewa dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Dawa ya kuonyesha mishipa huingizwa katika mshipa wa mkono. Naye huambiwa azuie pumzi kwa sekunde chache. Picha itokayo huonyesha mshipa ulikochipuka, kona yake, mdomo wake, na kama umepita kati ya majirani wale wawili wakubwa. Mambo ambayo picha ya mrija, kwa kuwa ni kivuli tu, yaweza kuyakosea. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kudhurika na dawa zenye iodini, na mwanamke mwenye mimba hawana budi kumwambia daktari kwanza. Kuna pia mashine ya MRI, isiyotumia miali ya eksrei, ijapokuwa huchukua muda mrefu zaidi.

Hapa ndipo haja ya Ibn al-Nafis ilipotimia. Waislamu huharakisha maziko, wala hawapendi maiti wao akatwe ila kwa dharura. Basi sababu ya kifo cha ghafula huzikwa pamoja na mwenyewe. Kwa watu wa desturi hii, picha ya mtu aliye hai ina thamani kuliko kwa watu wengine wote, kwa kuwa huonyesha yale ambayo hayatatafutwa baadaye. Wala mwanamke asikae nyumbani kwa haya ya kufunua kifua: ana haki ya kuomba mpimaji mwanamke, na asipopatikana, wanachuoni wamekwisha eleza hukumu ya dharura katika matibabu.

Hitilafu ikionekana, shauri la daktari hutegemea aina yake. Nyingine huachwa zilivyo. Nyingine humtaka mtu aache michezo ya nguvu, awe akiangaliwa. Na ile ya mshipa wa kushoto upitao kati ya mishipa mikubwa, madaktari wengi hushauri ipasuliwe: sehemu iliyojificha katika ukuta wa aota hufunguliwa ili mdomo uwe mpana, au mshipa huhamishwa mahali pake panapostahili. Katika nchi hizi za Afrika Mashariki kuna hospitali za moyo, kama Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 2015.

Haiwezekani kila kijana apigwe picha. Gharama ni kubwa, na miali si kitu cha kutumia ovyo. Linalowezekana ni kuzijua dalili. Kijana azimiaye hali akikimbia, aumwaye kifua katikati ya mchezo, ahisiye moyo kwenda mbio pasipo mpango na kizunguzungu, au aliye na ndugu aliyekufa ghafula angali kijana, asirudi uwanjani mpaka aangaliwe na daktari wa moyo. Kuzimia kwa aliyesimama juani muda mrefu mara nyingi si jambo la moyo. Kuzimia katikati ya mbio ni jambo jingine kabisa. Mwalimu wa mpira asimwite kijana wa namna hiyo mvivu, wala mzazi asiridhike kwa kumwona amesimama tena. Afadhali timu ya siku ya Idi ipungukiwe na mchezaji mmoja kuliko nyumba kupungukiwa na mtoto.

Na akianguka mtu, asiyejibu wala kuvuta pumzi kama kawaida, kumpepea na kumwagia maji hakutamfaa. Mmoja aite msaada wa hospitali, na mwingine apige magoti, aweke viganja viwili katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu na kwa haraka, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, asiache mpaka msaada ufike. Dua isomwe, na mikono ifanye kazi. Jumuiya yenye vijana wachezao mpira yapasa iwe na watu kadhaa waliofundishwa jambo hili, kama vile ilivyo na watu waliofundishwa kuosha maiti.

Bedui mmoja alimwuliza Mtume, sala na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake pasipo kamba kwa kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kuamini ajali hakumzuii mtu kutafuta tiba, na Mtume aliwahimiza umma wake wajitibu. Mtoto aliyezaliwa na mshipa uliopita njia nyingine hana kosa, wala mama yake hana kosa, wala hakurogwa na jirani. Ni umbo alilopewa. Na Aliyempa umbo hilo ndiye pia aliyewapa wanadamu akili ya kuliona.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa Jumuiya hii, awape wazazi macho ya kuziona dalili mapema, awape shifaa walio wagonjwa, na awarehemu waliotangulia. Amin.